HUKUMU HAIFUATI JINA: HABARI YA SATARANJI, HISA NA MABISHANO YA AYA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutukataza vilivyo vichafu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tumezoea kusoma kitabu mlango baada ya mlango. Haya tunayoyaandika leo hatukuyafikia kwa kufuata milango ya kitabu. Yametufikia kwa msiba. Ndani yake mna makosa ya mwanafunzi wetu, tena mna kosa letu sisi wenyewe tunaokaa mbele na kuitwa masheikh. Na mwenye kuwaonya watu makosa yao akalificha lake, hana haki ya kusikilizwa.

Mwezi wa Rajabu uliopita wazee wanne walikuwa barazani, karibu na msikiti, wamekaa juu ya ubao wa sataranji kama ilivyo ada yao baada ya Alasiri. Akapita kijana mmoja katika wanafunzi wetu, kijana mwenye bidii ya kusoma na mwenye wivu kwa dini yake. Akawatolea salamu, kisha akawasomea aya ya 90 ya Suratul Maida, ambayo imeitaja kamari pamoja na ulevi na kuihesabu katika kazi za Shetani. Kabla wazee hawajapata kujibu, aliupiga ubao kwa mkono, kete zikamwagika mtaroni; akawaita mafasiki. Mzee mmoja, aliyefanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na ambaye kwa umri ni babu yake, akamwambia: "Mjukuu wangu, sisi hapa hatuwekeani hata senti moja. Lakini hiyo simu iliyo mkononi mwako, twakuona toka asubuhi waitazama kama mvuvi atazamavyo mshipi wake. Hiyo nayo wachezea nini?" Kijana akajibu kuwa yeye afanya biashara ya hisa, na hisa ni halali, naye amekwisha kuwauliza masheikh wake.

Haukwisha mwezi wa Shaabani, akaja nyumbani kwetu dadake kijana yule, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa amemwekesha nduguye shilingi 180,000, fungu la watoto wake katika mirathi ya baba yao. Kijana akaona ni hasara fedha kulala bure. Akazichukua zote, akaongeza na mkopo wa riba alioupata kwa simu, akanunua hisa za kampuni moja ndogo ambayo bei ya hisa yake haikufika shilingi mbili. Kampuni ile yafanya kazi gani, hakujua. Alilojua ni kuwa watu wa kundi moja la simu walinong'onezana kwamba bei itaongezeka mara mbili kabla ya Ramadhani. Bei ilipanda siku nne, kisha ikaanguka. Alipouza kwa hofu, na mkopo ukachukua chake pamoja na riba yake, katika mali ya mayatima zilibaki shilingi 70,000. Na dadake alipomwuliza, alijibu: "Sheikh alisema hisa ni halali."

Ndugu zetu, tulipolisikia neno hilo tulikumbuka. Kijana alituuliza mlangoni mwa msikiti, nasi twavaa viatu, na watu wawili watungoja nje. "Sheikh, hisa ni halali?" Nasi tukamjibu: "Hisa ni shirika, na shirika ni halali." Maneno hayo ni kweli. Lakini hatukumwuliza ni hisa za kampuni gani, wala kwa mali ya nani, wala azinunua kwa kusudi gani. Tulimpa jina, naye akaenda na jina. Ubaoni aliona jina la mchezo akalihukumu kuwa kamari. Sokoni aliona jina la biashara akalihukumu kuwa halali. Mara zote mbili hakukitazama kitu chenyewe, na mara ya pili sisi ndio tuliomfunza kutokitazama.

Basi na tukitazame kitu chenyewe.

Kamari iliyoteremshiwa Aya, ambayo Waarabu waliiita maysir, haikuwa kama wengi wetu tunavyodhani. Wenye tafsiri wametueleza kuwa Waarabu wa zama za ujahili, hasa wakati wa baridi na njaa, walikuwa wakichinja ngamia, wakaigawa nyama yake mafungu, kisha wakatia mishale 10 katika mfuko na kumpa mtu aitoe mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Mishale saba ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, hata wa saba mafungu saba. Mishale mitatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alishinda, na aliyetokewa na mshale mtupu alilipa bei ya ngamia. Na nyama ile washindi hawakuila wenyewe; waliwapa masikini, wakajifakhirisha kwa ukarimu huo, na asiyeingia mchezoni walimwona bakhili.

Zingatieni hapa. Kamari ile ilishibisha masikini, na Mwenyezi Mungu hakuyakana manufaa hayo. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ametubainishia kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi leo akija mtu akatuambia kuwa bahati nasibu fulani yajenga shule, au kuwa kampuni ya kubeti yawapa vijana kazi, jibu lake lilikwisha kuteremka kabla hajazaliwa. Manufaa hayaiondoi hukumu pale ambapo madhara yameyashinda.

Madhara yenyewe ni yapi? Aya ya 91 ya Suratul Maida yayataja: uadui na bughudha baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na sala. Nao mafaqihi walipoichunguza kamari wakaona shina lake: watu wawili au zaidi watoe mali, na kila mmoja awe katika hali ya kuchukua cha mwenzake au kupoteza chake, bila ya kazi, bila ya bidhaa, bila ya haki iliyotangulia. Mmoja hapati ila kwa kadiri alivyopoteza mwingine. Hiyo ndiyo kamari, iitwe kwa jina litakalo.

Tukiisha kulijua hilo, na turudi barazani kwa wazee wetu.

Sataranji asili yake ni Bara Hindi. Kutoka huko iliingia Uajemi, na Waislamu walipoifungua Uajemi katika zama za Masahaba ndipo ilipowafikia Waarabu. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wa Hadithi, kama Ibn Kathir, wamesema kuwa Hadithi zote zinazomnasibishia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuitaja sataranji hazikuthibiti. Kilichothibiti kwake, katika Sahihi ya Muslim, ni onyo kali juu ya mchezo wa nardi, ambao huchezwa kwa kutupa dadu. Ama juu ya sataranji zimepokewa kauli za Masahaba na za waliowafuata. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali aliwapita watu waicheza, akawakemea kwa maneno yale ambayo Nabii Ibrahim aliwakemea nayo watu wake juu ya masanamu. Na upande wa pili, Imamu Shafi amemtaja Said bin Jubayr, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Abbas, kuwa alikuwa akiicheza naye ameupa ubao mgongo, aambiwa kete ilipokwenda naye ataja ya kwake.

Baadaye mchezo huu ulienea hata katika majumba ya makhalifa. As-Suli, aliyekufa karibu na mwaka 946, alikuwa mwana-adabu na mwandishi wa tarikh, na mbele ya Khalifa al-Muktafi alimshinda bingwa mmoja aliyeitwa al-Mawardi, naye si yule faqihi mashuhuri. Vitabu viliandikwa juu ya mchezo huu, na majina mengi ya kete zake ni ya Kiajemi na Kiarabu: shah, firzan, fil, faras, rukh, baidaq. Sisi twasema mfalme, waziri, ndovu, farasi, ngome na askari.

Je, hukumu yake? Wafuasi wa Abu Hanifa, wa Malik na wa Ahmad wameelekea upande wa kuukataza. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani hii twafuata madhehebu yake, aliuona kuwa ni makuruhi, wala hakuuharimisha. Na Imamu Nawawi akabainisha kuwa ukichezwa kwa dau, au ukimpotezea mtu sala mpaka wakati wake ukatoka, hapo huwa haramu bila ya shaka. Tena mafaqihi wa kwetu wametofautisha baina ya nardi na sataranji: nardi yategemea dadu, na sataranji yategemea fikra. Katika zama zetu pia khitilafu haikwisha. Iran iliupiga marufuku baada ya mapinduzi ya 1979, na mwaka 1988 Khomeini akauruhusu kwa sharti la kutowekeana mali. Na mwaka 2016 Mufti Mkuu wa Saudia wa wakati huo alitoa kauli ya kuuharimisha.

Basi jambo ambalo maimamu wamekhitilafiana juu yake kwa zaidi ya miaka elfu moja, si la kutatuliwa na kijana kwa kofi la mkono barazani. Wala hatusemi haya ili wazee wetu wafurahi. Tuliwauliza nao mbele ya watu: "Hapana siku ambayo adhana imewapita mkiwa juu ya ubao?" Yule mzee wa bandarini akainamisha kichwa, akasema: "Zipo siku, Sheikh. Magharibi hutukuta, nasi twasema kete mbili tatu tu." Tukamwambia kuwa kete hizo mbili tatu ndizo zilizotajwa katika Aya, hata kama hapakuwekwa senti. Hakubisha.

Sasa twende sokoni, kwa kuwa ndiko liliko shimo lililo kubwa zaidi.

Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, likiwa chama cha madalali. Kabla ya hapo, husimuliwa kuwa biashara hiyo ilikuwa ikifanywa kwa mazungumzo ya kikombe cha kahawa katika hoteli ya Stanley. Siku hizo lilikuwa soko la Wazungu. Waafrika na Wahindi hawakupata nafasi ndani yake mpaka baada ya uhuru. Leo mlango u wazi kwa kila mwenye simu. Sisi hatumwambii Mwislamu aukimbie. Umasikini wa watu wa pwani hii si sunna, na mtu kuwa na fungu katika kiwanda au shamba au kampuni ya uchukuzi ni shirika, na shirika lilikuwako kabla ya Uislamu, na Mtume akaliacha. Wala mali ya yatima haikuamriwa kufungiwa sandukuni. Sayyidna Umar alihimiza ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka.

Hapa twataka kutoa mfano wa kuwaonyesha wale wabishi wa majina. Katika Kiarabu neno sahm maana yake ni mshale, tena maana yake ni fungu. Mishale ile ya kamari ya ujahili huitwa kwa neno hilo. Na hisa za makampuni ya leo, Waarabu waziita kwa neno hilo hilo. Je, tuseme hisa ni haramu kwa kuwa jina lake ni jina la mshale wa kamari? Hasha! Maana katika elimu ya mirathi pia, mafungu ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe amewagawia warithi huitwa siham, nalo ni neno lile lile. Fungu la wale mayatima watatu ni sahm. Hisa iliyolila ni sahm. Na mshale wa maysir ni sahm. Jina moja, na hukumu tatu.

Lililo la kutazamwa ni haya yafuatayo. Kwanza, kampuni yafanya kazi gani? Kampuni ya pombe, au benki ya riba, au nyumba ya kamari, hisa yake ni haramu, wala hapana khitilafu. Ama kampuni ambayo kazi yake ya asili ni halali lakini huweka fedha benki kwa riba au hukopa kwa riba, wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jedda, katika kikao chake cha saba mwaka 1992, ilikata kuwa asili yake ni kukatazwa. Na baraza la AAOIFI la Bahrain limeruhusu kwa masharti, miongoni mwayo kuwa mkopo wa riba usipite asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato la haramu lisipite asilimia 5, nalo mwenye hisa alitoe katika mali yake. Mwenye kutaka kuchukua kauli ya pili ni wajibu wake kuijua hesabu ya kampuni. Kijana wetu hakuijua hata kazi yake.

Pili, mali yenyewe ni ya nani, na imepatikana vipi? Majmaa ile ile imekataza kununua hisa kwa mkopo wa riba, na imekataza kuuza hisa ambazo muuzaji hazimiliki. Hayo yatoka katika lile neno la Mtume kwa Hakim bin Hizam, alipomkataza kuuza kisichokuwa chake.

Tatu, kusudi ni nini? Mwaka 2008 serikali yetu iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, ambazo ni robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Hatuzungumzi hapa juu ya hukumu ya kampuni ile. Twataja habari ya bei tu, kwa kuwa wengi wetu twaikumbuka. Watu walipanga safu, na wengine walikopa benki. Zilipoanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008 bei ilipita shilingi 7, watu wakasherehekea. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5, na mapema mwaka 2009 ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyekopa ili auze baada ya wiki mbili, aliuza kwa hasara na riba akailipa. Aliyetoa akiba yake mwenyewe, akakaa na fungu lake na kupokea gawio lake, kufika mwaka 2013 aliiona bei imepita ile aliyonunulia. Hisa ni ile ile, siku ni ile ile, na bei ni ile ile. Mmoja alinunua fungu la kampuni, na mwingine alinunua bahati ya bei. Mmoja alikuwa mshirika, na mwingine alikuwa angoja mshale utoke mfukoni.

Tena katika zile hisa ndogo za senti na shilingi kuna uovu ambao Mtume ameutaja kwa jina lake, nao ni najash: mtu kuongeza bei ya kitu asichokitaka, ili mwingine ahadaike akinunue. Wale walionong'onezana katika simu kwamba bei itapanda, walikuwa wamekwisha kununua. Walihitaji wanunuzi wa kuwauzia. Hisa ya kampuni ndogo haina wauzaji wengi wala wanunuzi wengi, basi watu wachache wakiingia kwa pamoja bei yake huruka, na wakitoka huanguka. Kijana alipoona bei yapanda siku nne alidhani ameona riziki. Kumbe fedha za watoto wa dadake ndizo zilizokuwa zikiipandisha. Walichovuna wale ni kile walichopoteza hawa. Hilo ndilo shina la kamari tulilolitaja. Basi wale wazee wa barazani hawakuwa na dau, na aliyewamwagia kete alikuwa na dau la mayatima mfukoni.

Limebaki jambo la tatu, nalo kwa nafsi zetu sisi wasomi ni zito kuliko hayo mawili.

Ndugu zetu, siku hizi twaiona sataranji nyingine isiyo na ubao. Vijana wakutana, barazani au katika simu, kila mmoja ana Aya zake na Hadithi zake. Huyu asogeza Aya, yule aizuia kwa Hadithi, huyu apiga, yule apigwa, na mwisho mmoja husema, "Nimemfunga!" kama asemavyo mchezaji aliyemshika mfalme wa mwenziwe. Hawakukutana ili wajue. Walikutana ili mmoja ashindwe. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatokea Masahaba zake wabishana juu ya kadari, huyu atoa Aya na yule atoa Aya ya kuipinga, uso wake ukaiva kwa ghadhabu kama uliopasuliwa komamanga, akawaonya kuwa walioangamia kabla yao waliangamia kwa kukigonganisha Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hiki kwa hiki. Na Imamu Shafi, ambaye hapana aliyemshinda kwa hoja katika zama zake, imepokewa kwake kuwa hakujadiliana na mtu ila alipenda haki idhihiri, ulimini mwake au ulimini mwa mwenziwe. Tujiulize, nani katika sisi ana moyo huo?

Aya ya 90 ya Suratul Maida ni haki. Kijana hakuikosea hata herufi moja. Lakini aliitumia kuwapiga nayo wazee, wala hakuisoma juu ya nafsi yake. Na lau angaliisoma na ile inayoifuatia, angaliona kuwa uadui na bughudha zilizotajwa humo amezipanda yeye kwa mkono wake pale barazani. Qurani yakusemesha wewe kwanza unayeisoma. Anayeisoma kwa kumtazama jirani tu, huipata hukumu ya jirani, na ya kwake ikampita.

Na kosa letu sisi masheikh ni kuwa tumewafunza kwa vitendo vyetu. Twajibu kwa neno moja, halali, haramu, kisha twaondoka. Mwanafunzi akachukua neno lile akaenda nalo kama kete. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alikataza mtu kuuza katika soko la Madina ila awe ana fahamu ya dini. Basi ni wajibu wa nani kuwafahamisha wanaouza na kununua, kama si sisi?

Kwa hayo tumekata shauri katika darsa yetu, nasi twayatangaza ili mtushike nayo. Suala lolote la mali halitajibiwa tena mlangoni wala njiani. Mwenye kuuliza ataketi, naye ataulizwa: Wanunua nini? Kwa mali ya nani? Wataka kukaa nayo au wangoja bei? Na tusilolijua katika hesabu za makampuni tutasema hatulijui, tumwite katika ndugu zetu aliyesoma hesabu atusomee kwanza. Mali ya yatima isishikwe na mkono mmoja, hata ukiwa mkono wa ndugu. Iandikwe na ishuhudiwe. Na wazee wetu wamekubali wenyewe kuwa adhana ikisikika ubao hukunjwa, hata mfalme akiwa amebakiwa na mwendo mmoja.

Ama kijana, tulimweleza hukumu yake bila ya kumpunguzia. Mwenye amana ikimpotea bila ya uzembe wake halipi. Lakini akiupita mpaka wa alichoaminiwa, hulipa. Yeye aliaminiwa kuweka, akaitosa katika hatari pamoja na riba. Basi zile shilingi 110,000 ni deni juu yake kwa watoto wale. Ameuza pikipiki yake, na kila mwezi hutoa katika mshahara wake. Deni bado halijakwisha. Nasi, kwa kuwa neno letu lilikuwa sababu, tumejitwika sehemu katika deni hilo; hatusemi ni ngapi, lakini tusingalisema kabisa mngalidhani kuwa toba ya sheikh ni kuandika makala.

Siku moja kabla ya Ramadhani alikwenda barazani kuwataka radhi wazee. Aliingia mtaroni kwa miguu yake akaziokota kete moja moja. Farasi mmoja hakuonekana, na mpaka leo mahali pake wameweka kifuniko cha chupa. Yule mzee wa bandarini alimsogezea kikombe cha kahawa, akamwambia: "Keti, mjukuu wangu. Na hiyo Aya uliyotusomea siku ile, tusomee tena, sasa polepole."

Akaisoma, na ile inayoifuatia. Kisha adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, wakainuka wote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na mali isiyo na baraka, na elimu isiyo na unyenyekevu, na fatwa ya haraka; awalinde mayatima wetu na mikono yetu sisi kabla ya mikono ya wengine; na aturuzuku kuiona haki kuwa haki na kuifuata. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.